Mlio wa Breki za Kaka

Simu ya wifi ilinikuta ofisini, nikigonga mhuri kwenye fomu za wanafunzi wa kidato cha kwanza. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na robo alasiri. Wifi hakunisalimia. Aliniuliza kama nimekaa, nikamwambia nimekaa. Akasema, "Basi usisimame," nami nikajua.

Kaka alikuwa ametoka kwenye kiwanda cha mikate alikokuwa dereva, yuko njiani kuja kwa Mama kama kila siku. Moyo ulisimama. Watu wa duka la vioo walioliona gari lake la pikapu walisema liliingia pembeni taratibu, likasimama sambamba na ukingo wa barabara, taa ya pembeni ikiwaka. Walidhani anapokea simu. Walipokwenda kumgongea dirisha walimkuta ameinamia usukani, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa hadi juu. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Daktari alisema hapakuwa na ambacho mtu angefanya. Naliandika hilo la breki ya mkono kwa sababu ndilo lililoniliza kwanza. Hata katika dakika ile alikumbuka kutomgonga mtu.

Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia Mama, maana naishi naye. Mama haoni. Presha ya macho ilimwondolea nuru miaka tisa iliyopita. Nilimkuta barazani nyuma, akikunja nguo zilizotoka kambani, akitafuta mishono kwa vidole ili ajue upande upi ni wa nje. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono, nikamwambia Kaka hatunaye tena.

Aliichomoa mikono yake mikononi mwangu akaendelea kukunja.

"Hajaja bado," alisema. "Sijasikia gari."

Nikarudia. Akaniambia kwa sauti ile ile ya taratibu, "Mwanangu, gari lake si lilinyamaza? Wiki tatu sasa sijui anafika saa ngapi. Wewe utajuaje kama hatakuja?"

Nilidhani ni msiba umemchanganya akili. Sikujua kwamba alikuwa ananieleza jambo, na kwamba jambo lenyewe nililifanya mimi.

Kaka ndiye mtoto wa kwanza wa mama yetu, na mimi ni kitinda mimba. Wawili waliokuwa katikati yetu Mungu aliwachukua wakiwa wadogo. Baba alipofariki, Kaka alikuwa kidato cha pili. Aliacha shule akaenda kuosha magari kwenye kituo cha mabasi. Kutoka kuosha akawa kijana wa kumpa fundi spana, kutoka spana akapata leseni, na kutoka leseni akapata usukani wa gari la mikate. Mimi nikasoma hadi nikamaliza kidato cha nne. Cheti ninacho kabatini na jina lililoandikwa ni langu, lakini mwenye kukipata ni yeye.

Jumamosi alikuwa fundi wa breki uani kwa Mama. Breki tu. Ukimletea gari linalotoa moshi alikuambia injini ina wenyewe. Mtaa mzima walimwita Sikio, kwa sababu hakugusa gari kabla ya kulisikiliza. Aligeuza ndoo juu chini, akaikalia kando ya ukuta, akafumba macho, na kumwambia mwenye gari apite mbele yake polepole mara tatu: mara ya kwanza asikanyage breki kabisa, ya pili akanyage kidogo, ya tatu akanyage kwa nguvu. Sisi wengine tulisikia kelele tu. Yeye alisikia habari.

Ikilia bila kukanyagwa na kunyamaza ikikanyagwa, alisema pedi zinakaribia kwisha, kile kibati cha kuonya kimeanza kugusa diski. Ikilia asubuhi tu na kuacha baada ya mita mia, ni kutu ya umande, mtu arudi nyumbani akanywe chai. Ikikwaruza kama sufuria inayoburutwa kwenye saruji, alimwambia mwenye gari azime hapo hapo, hilo haliendi tena popote, chuma kinakula chuma. Na ile ya filimbi, nyembamba, inayotoka ukikanyaga kidogo katika mwendo wa pole, hiyo alisema ni ya kelele zaidi kuliko hatari: uso wa pedi umeungua ukawa kama kioo, au grisi ya nyuma yake imekauka, au pini zinazobeba kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, zimekwama.

Mimi nilikuwa msaidizi wake tangu sijamaliza shule, na niliendelea hata nilipokuwa karani mwenye ofisi. Nilijua kulegeza nati tairi likiwa bado chini, kuweka mawe nyuma ya magurudumu, kutoingia kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Nilijua kwamba kalipa ikitolewa haining'inizwi kwa mpira wake wa mafuta, hufungwa na waya. Vumbi la breki hatukulipuliza kwa mdomo. Tulilifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kwa sababu Kaka alisema mapafu hayana duka la spea.

Utani ulikuwa mwingi uani pale. Siku moja mwalimu wa hesabu alileta gari lake akijisifu kwamba kelele amezimaliza mwenyewe nyumbani. Kaka akalinusa tairi, akanyanyuka.

"Mwalimu, umezikaanga?"

"Nilitia mafuta kidogo tu ya kupikia, Sikio. Zikanyamaza palepale."

"Zimenyamaza kweli. Hata kusimamisha gari zimeacha. Ulifikaje hapa?"

"Nilipunguza kwa gia."

"Na kwa maombi ya mkeo," Kaka akasema, akamwonyesha pa kukaa. Pedi zile hazikurudi tena kwenye gari. Mafuta yakishaingia kwenye uso wa pedi hakuna msasa wala sabuni itakayoyatoa. Grisi ni ya mgongo wa pedi, alituambia kila mara. Usoni ni kaburi.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kila kitu cha zamani alichokitoa kwenye gari alikifunga kwenye gazeti, akaandika juu yake kwa penseli kilikuwa na kasoro gani na kinapaswa kufanywa nini, kisha akampa mwenyewe. Alimwambia, "Usichukue neno langu, chukua chuma chako." Wengine walivitupa getini. Wengine wanavyo hadi leo.

Na katika yote hayo, pikapu yake mwenyewe ililia. Filimbi ile ya mwendo wa pole, kali, kila alipokaribia kona ya fundi cherehani, hadi mbwa wa jirani alizoea akaacha kubweka. Watu walimcheka. Kinyozi hajinyoi, walimwambia. Yeye aliitikia kwamba gari lake lina sauti ya kwanza, tena linafaa kuingizwa kwaya.

Neno hilo la kwaya ndilo lililoniponza. Mwezi mmoja kabla ya kifo chake alitubeba sisi wanakwaya kwenda kanisa jirani, na tulipoingia uwanjani taratibu, filimbi ikalia hadi watu wakageuka kwenye madirisha. Wenzangu walicheka hadi wakashikana mabega. Mwenyekiti wetu akasema nimwambie kaka yangu aliombee gari lake. Niliona aibu, na aibu ile haikuwa ya Mungu, ilikuwa ya kwangu. Juma lililofuata Kaka na wifi walisafiri kwenda ukweni kwa siku mbili, pikapu ikaachwa uani. Nikaona nimpe zawadi.

Niliifanya kazi yote peke yangu, kama alivyonifundisha. Nilipotoa pedi za mbele nilishangaa. Zilikuwa nene bado, zaidi ya nusu. Diski laini, haina mfereji. Pini zilitembea vizuri, zilikuwa zimepakwa grisi si zamani. Kumbe mwenye gari alizikagua mara kwa mara. Uso tu wa pedi ndio uliong'aa kama kioo, na vile vibati vyembamba vinavyokaa nyuma ya pedi kuzuia mtetemo havikuwepo. Nikawaza, jamani, mtu huyu kachoka kiasi gani, kazi ya saa moja imemshinda. Nikafunga pedi mpya na vibati vyake, grisi mgongoni, nikarudisha pistoni ndani pole pole kwa kibanio, nikakaza bolti, nikakanyaga pedali mara nyingi hadi ikawa ngumu ndipo nikaitoa pikapu. Ilikwenda kimya kama paka. Pedi za zamani nikazifunga kwenye gazeti kwa desturi yake, na juu nikaandika: "Mwanakwaya huyu amestaafu."

Aliporudi aliizungusha pikapu mtaani mara moja. Akarudi akaikalia ndoo yake. Sifa nilizozitegemea hazikuja upesi. Kisha akasema, "Kazi nzuri, dada. Bolti ulikaza kwa spana ndefu?" Nikamjibu ndiyo. Akasema asante, akalichukua lile gazeti akaliweka kwenye rafu ya banda. Nilidhani amechoka na safari.

Hayo yalikuwa wiki tatu kabla ya simu ya wifi.

Ijumaa asubuhi nyumba ilijaa. Wifi alikuwa amelazwa chumbani kwangu, hana sauti. Mazishi yalipangwa Jumamosi. Mjomba, ndugu yake Mama, alisimamia mipango, na mchungaji alikuja kuomba nasi. Mama alikuwa kwenye kiti chake barazani, hajalia hata tone, na mchungaji alipomwambia kwa upole kwamba ajiandae kwenda makaburini, alitikisa kichwa.

"Sikatai mapenzi ya Mungu, mchungaji," alisema. "Lakini ninyi nyote mmekuja, nimewasikia mkiingia mmoja mmoja. Yeye sijamsikia. Siwezi kumzika mtu ambaye sijamfungulia geti."

Mjomba akamwambia dada yake asiseme hivyo, watu wanasikia. Mchungaji akamzuia kwa mkono. Walipoondoka nilikaa chini miguuni pa Mama nikamwomba anieleze, geti gani. Ndipo aliponieleza.

Mimi hutoka kazini saa kumi na mbili. Siku za kazi Kaka alifika saa kumi; Jumamosi geti nililifungua mimi. Katika saa zile mbili kulikuwa na maisha ambayo sikuwahi kuyaona. Mama alisikia filimbi ya breki tangu kona ya fundi cherehani. Aliweka chini alichoshika, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa, akashika ukuta, akahesabu hatua kumi na nne, akavuta komeo. Tangu macho yaondoke tumemnyang'anya kila kitu kwa huruma yetu: jiko, kisu, ndoo ya maji, hata ufagio. Geti lile kwa mwanawe ndiyo kazi aliyobaki nayo. Kaka alisimamisha gari mbele yake akasema dirishani, "Mlinzi, naomba kuingia." Mama akamjibu, "Toa kitambulisho." Naye akanyoosha mkono akampa mkate.

Miaka tisa. Kaka mwenyewe ndiye aliyevitoa vile vibati na kuzilinda zile pedi zisipone, akizikagua zisiharibike. Mtu aliyenyamazisha breki za mtaa mzima aliitunza kelele ya gari lake kama mtu anavyotunza saa ya ukutani.

"Kwa nini hamkuniambia, Mama?"

"Ulifurahi mno kuitengeneza. Kaka yako akasema nisikuvunje moyo, yeye atapata njia."

Alijaribu honi. Lakini honi ni ya kila mtu. Mama alimfungulia muuza gesi, akamfungulia mtu asiyemjua, na mara ya tatu pikipiki ikampitia karibu hadi kitambaa kikaanguka. Kaka akamwambia aache kwanza. Siku zilizobaki alitia mkono kwenye tundu la geti akajifungulia mwenyewe, akamkuta Mama amekaa. Jumatano, siku yake ya mwisho kufika, alimkuta amesinzia. Aliweka mkate mezani akaondoka bila kumwamsha.

Niliingia bandani ili nilie pasipo watu. Nilimwuliza Mungu kwa nini upendo wangu aliuacha ufanye kazi ya adui. Nilipofuta macho niliona gazeti langu kwenye rafu. Chini ya maneno yangu ya utani kulikuwa na mwandiko wa Kaka, wa penseli, herufi kubwa alizozoea: "Nzima. Zirudi Jumamosi."

Jumamosi yenyewe ilikuwa kesho.

Nikavaa ovaroli yake juu ya gauni. Pikapu ilikuwa imerudishwa uani na wenzake wa kiwandani. Nikaweka mawe, nikalegeza nati, nikapandisha jeki na kuweka vigogo. Waombolezaji wakageuka kunitazama. Mjomba akaja, kofia mkononi.

"Mwanangu, marehemu hajazikwa, wewe unafungua matairi?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Watu watasemaje?"

Nikalivuta tairi likatoka. Aliyejibu ni wifi, amesimama mlangoni na shuka mabegani, sauti yake ya kwanza tangu Alhamisi. "Mwacheni. Anajua anachofanya. Na mume wangu atabebwa kwa gari hilo, si lingine."

Nilizitoa pedi mpya, nikaondoa vibati, nikafuta grisi yote hadi chuma kikawa kikavu. Nikapima unene wa zile za zamani kwa ukucha, kama alivyopima yeye. Sikuzipiga msasa. Nikazirudisha, nikakaza kwa spana ndefu, nikakanyaga pedali hadi ikawa ngumu. Nikaizungusha pikapu uani. Ilisimama vizuri. Haikulia. Nikajiambia breki hazijapata moto.

Jumamosi asubuhi niliiendesha mwenyewe kutoka hospitali, jeneza nyuma, wenzake wanne wa kiwandani wameketi kando yake. Wifi alikaa karibu nami. Nilikwenda polepole, na kila nilipoweza nilikanyaga breki kidogo ili zipate moto. Kimya. Tukapita duka la vioo. Tukapita shule yangu. Mkono wa wifi ulikuwa umeshika paja langu kwa nguvu. Kwenye kona ya fundi cherehani nikakanyaga, ncha ya kiatu tu, kama alivyokanyaga yeye. Kimya. Nikasema, "Bwana, si kwa ajili yangu." Nikaachia, nikakanyaga tena.

Ikalia.

Ililia nyembamba na ndefu, kutoka kona hadi karibu na ukuta wetu. Kupitia nondo za geti nilimwona Mama ameinua kichwa barazani. Mjomba alitaka kumshika mkono, naye akauondoa mkono wake. Alinyoosha kitambaa cha kichwa. Akashika ukuta. Watu walimpisha njia. Nilihesabu pamoja naye midomo yake ikitikisika, hadi kumi na nne. Akavuta komeo.

Nilizima injini. Hakukuwa na mtu wa kusema maneno ya dirishani. Mama alisimama akisubiri kidogo, kisha akapapasa ubavu wa gari hadi nyuma, hadi mbao za jeneza. Akaweka viganja vyote viwili.

"Leo ingia bila kitambulisho, baba," alisema.

Ndipo alipolia, na sote tukalia.

Jeneza liliwekwa barazani kwa nusu saa. Mchungaji aliomba, kwaya yetu ikaimba beti mbili, mwenyekiti akashindwa na wa tatu. Mwalimu wa hesabu alikuja na kifurushi cha pedi zake zile, gazeti limepauka, akakiweka miguuni pa jeneza, kisha akakichukua tena akaondoka nacho. Saa sita tulikwenda makaburini. Mama alikaa mbele kati yangu na wifi. Kaburi lilikuwa kando ya uzio, udongo mwekundu wenye changarawe. Wenzake wa kiwandani waliliteremsha jeneza kwa kamba, mmoja akiwaelekeza taratibu, taratibu. Wifi alitupa udongo wa kwanza. Mama aliuliza kaburi lina kina kiasi gani, Mjomba akamwambia, akatupa wa pili. Mimi nilitupa wa tatu. Vijana wakafukia kwa zamu kwa karibu nusu saa, msalaba wa mbao ukasimamishwa, mchungaji akatoa baraka. Mama aliomba aelekezwe mkono mahali kilipo kichwa, akauacha pale kidogo. Kisha akasema tumpeleke nyumbani.